Kempa yangu imepasua tairi la nyuma kushoto mara tatu. Nifunge matairi gani?

#1 MwanaSabaki
Hamjambo wanajamvi. Niko Malindi, Maweni. Mwaka juzi nilinunua Toyota HiAce ya 2008 iliyokuwa ikibeba watalii, nikaigeuza kempa: kitanda nyuma, friji ndogo ya betri, tangi la maji la lita 90, jiko la gesi na kabati la nguo. Watoto wanaiita Jahazi, na kila shule zikifungwa swali ni moja tu, Jahazi inang'oa nanga lini.

Shida ni tairi la nyuma kushoto. Limepasuka mara tatu ndani ya miezi 14. Mara ya kwanza tulikuwa tunakwenda lango la Sala tuingie Tsavo Mashariki, tumeshapita Kakoneni. Mara ya pili ni baada ya Gongoni, saa nane mchana. Mara ya tatu ni Msabaha tukitoka Kilifi, nyumbani kunakaribia kabisa. Hapo mama watoto alishuka na mtoto mkononi akasema halali tena ndani ya gari hili mpaka nimwambie sababu. Namwelewa, maana mtoto mdogo hulala upande huohuo.

Matatu mengine hayajapata hata pancha. Gari lilikuja na 195/65R15. Lilipopasuka la kwanza nikanunua matano ya mtumba, 195R15C, yameandikwa 8PR na meno bado marefu. Mawili kati ya hayo ndiyo yamepasuka. Sasa nimeweka pesa kando ninunue matano mapya. Duka moja hapa mjini wameniambia tairi lolote la 15 litaingia, jingine wameniambia niende Mombasa. Nichukue yapi? Na kwa nini iwe kona hiyohiyo?

#2 DerevaWaGarsen
Pole, kaka, na mshukuruni Mungu gari halikulala ubavu. Mimi nimeendesha matatu miaka 19, kwanza Malindi–Garsen, sasa Malindi–Mombasa. Kuingia kwenye rimu ni jambo moja, kubeba gari ni jambo jingine.

Soma ubavu wa tairi. 195/65R15 ni la gari dogo la familia. Mbele ya ukubwa huo kwa kawaida utakuta 91H au 91V. Hiyo 91 ni namba ya uzito, maana yake kilo 615 kwa tairi moja. 195R15C ina C kwa sababu ni ya magari ya mizigo mepesi, nayo huandikwa 106/104R. 106 ni kilo 950 tairi likiwa peke yake, 104 ni kilo 900 kila moja yakifungwa mapacha. Herufi ya mwisho ni mwendo, R ni kilomita 170 kwa saa, hiyo isikushughulishe.

Sasa jiulize kona ya nyuma ya Jahazi ina kilo ngapi ukiwa na tangi limejaa, gesi, friji na familia. La kwanza lilipasuka kwa sababu lilibebeshwa mzigo usio wake. Mimi hapo sina shaka.

#3 Kazungu75
Naunga mkono #2, ila nina nyongeza. Yale 195/65 ni mafupi pia. Kipenyo chake ni kama sentimita 63, la 195R15C ni kama 69. Gari linashuka sentimita tatu na saa ya mwendo inakudanganya: unaona 100, kumbe uko kwenye 91 au 92.

Lakini hayo yanaeleza pasuko la kwanza tu. Mawili ya mwisho yalikuwa ya C, tena 8PR. Hebu toka nje na tochi utafute neno DOT ubavuni. Mwisho wa mlolongo ule kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tuandikie. Kama upande mmoja huzioni, ingia uvunguni, mara nyingi ziko upande wa ndani.

#4 MwanaSabaki
Nimetoka uvunguni sasa hivi, shati jeupe limekwisha. Lililopasuka Msabaha, mabaki yake bado ninayo: 3613. Nyuma kulia: 3613. Mbele yote mawili: 0815. Spea iliyokuja na gari: 0911. La Gongoni nililitupa.

#5 Kazungu75
Basi ndiyo hayo. Wiki ya 36 ya mwaka 2013! Na spea ni ya Machi 2011. Kaka, hiyo spea usiifunge hata kwenda sokoni. Mpira unazeeka hata ukikaa bure. Meno yanabaki marefu kwa sababu lilikuwa limekaa tu kwenye gari au kwenye ghala la mtu, huku mpira ukikauka kwa ndani na waya zikianza kuachana na mpira. Watengenezaji wengi wanasema baada ya miaka mitano lichunguzwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama linang'aa. Wauzaji wa mtumba wanajua sisi tunatazama meno, kwa hiyo hayo ndiyo wanayoyasafisha.

#6 FundiWaNgala
Salaam. Kazungu, miaka ni kweli, sipingi. Ila soma tena #4. La nyuma kulia ni 3613 vilevile, wiki moja na lile lililopasuka, kiwanda kimoja. Mbona lenyewe liko hai? Uzee peke yake hauchagui upande.

MwanaSabaki, swali langu: tangi liko wapi? Betri? Mtungi wa gesi?

#7 MwanaSabaki
Fundi, umenishtua. HiAce mlango wa kuvuta uko kushoto, kwa hiyo kabati refu la nguo nililiweka kulia. Tangi, betri mbili, friji na mtungi vyote vikakaa kushoto, nyuma ya mlango, juu ya gurudumu lenyewe. Seremala alisema ndiyo nafasi iliyobaki.

#8 BiSidi_Gede
Jamani, seremala kapanga nyumba, hakupanga gari! Mwanangu MwanaSabaki, umeniletea hamu ya kusafiri na hofu kwa wakati mmoja.

Nami nina yangu. Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu ya mnazi na nazi, Gede kwenda Kilifi kila wiki. Yeye alikuwa akisema sisi tunaendesha kushoto na barabara imejengwa na mgongo katikati, kwa hiyo gari siku zote linaegemea kushoto kidogo, na uzito unafuata huko. Juu ya hayo, lori likija mbele unabanwa, gurudumu la kushoto linashuka kwenye ukingo wa lami uliomegeka kisha linapanda tena. Ule ukingo unakata ubavu wa tairi kama panga. Yeye alikuwa akizipitisha tairi za kushoto mkono kila jioni, anatafuta vimbe. Akikuta uvimbe mdogo tu kama ngozi ya yai, tairi linatolewa.

#9 Kazungu75
Bi Sidi, shikamoo. Mzee alisema kweli juu ya uvimbe, uvimbe ni nyuzi za ndani zimekatika. Lakini kama ni ukingo wa lami, gurudumu la mbele kushoto ndilo linaloanza kushuka. Mbona hilo ni zima?

#10 BiSidi_Gede
Marahaba. La mbele dereva analiona akilini na analikwepesha. La nyuma linakata kona ndani zaidi kuliko la mbele, linapita pale ambapo la mbele halikupita. Muulize yeyote anayeendesha gari refu.

#11 DerevaWaGarsen
Bi Sidi yuko sahihi kabisa kwa hilo.

#12 Mbarak_Amu
Salaam aleikum kutoka Lamu. Sisi huku kisiwani punda hana DOT, lakini gari ninalo, huliacha Mokowe penye gati, mimi nikavuka kwa boti. Hukaa wiki tatu, nne, bila kuguswa. Niliwahi kupoteza matairi mawili ya upande mmoja kwa ajili ya jua tu. Nililiegesha kichwa kaskazini, ubavu wa kushoto ukatazama magharibi, alasiri yote jua la kule halina kivuli cha mnazi wala mwembe. Nikarudi nikakuta nyufa ndogondogo kwenye ubavu kama udongo wa dimbwi lililokauka. Upande wa kulia ulikuwa salama.

MwanaSabaki, Jahazi hulala imetazama wapi?

#13 MwanaSabaki
Inatazama baharini, yaani mashariki. Kushoto ni kaskazini. Kulia kuna ukuta wa jirani.

#14 Mbarak_Amu
Hebu fikiria ndugu yangu. Sisi tuko chini kidogo ya ikweta. Kuanzia Machi mpaka Septemba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kwa hiyo nusu ya mwaka ubavu wako wa kushoto unapigwa na kulia pana ukuta. Mimi nisingelipuuza hilo. Funika kwa gunia au makuti. Yeo mimi husogeza gari langu kila nikivuka, hata hatua mbili, tairi lisikanyage mahali pamoja.

#15 Kazungu75
Mbarak, hapa tena nauliza lilelile: la mbele kushoto nalo linapigwa na jua hilohilo.

#16 Mbarak_Amu
La mbele ni la 2015, la nyuma 2013. Mwaka mmoja na nusu wa jua si kitu kidogo.

#17 TangaKunani
Habari za huko majirani. Huku Tanga meno tunaita kashata, tusigombane kwa hilo. Nasahihisha kitu kimoja kabla hakijaenea: mtu anaweza kusoma 8PR akadhani kuna tabaka nane ndani. Hapana. Zamani tabaka zilikuwa za pamba na zilihesabiwa. Siku hizi 8PR ni daraja la nguvu tu, maana yake tairi lina uwezo unaolingana na lile la zamani la tabaka nane. Ndani unaweza kukuta tabaka mbili ubavuni. Kwa hiyo usinunue kwa 8PR peke yake, nunua kwa namba ya uzito, ile 106.

Na msije mkachanganya ukubwa. HiAce nyingi kutoka Japani zimeandikwa 195/80R15 107/105, na mwisho kuna LT, yaani lori jepesi. Hilo na 195R15C karibu ni kitu kimoja kwa kimo. Tazama kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kabla ya kwenda dukani. Kama kimebanduka, soma kitabu cha gari.

#18 Katana_Casuarina
Uzi mzuri huu. Mimi nalinda nyumba ya Mtaliano huku Casuarina, na ana Fiat Ducato ya kulala aliyokuja nayo kwa njia ya barabara. Yake ni 225/75R16CP. CP ni alama ya matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kempa, yanayovumilia gari kusimama muda mrefu na mzigo wote. Namba yake ni 116, kilo 1,250.

Malindi yote hatukuyapata. Tukapata 225/75R16C yenye 121/120, namba kubwa kuliko yake, tukaona hiyo inafaa. Sasa sikilizeni kilichotokea. Kibandiko cha Ulaya kinaandika presha ya upepo kwa bari, nyuma 5.5. Kijana wa pancha, ambaye mashine yake inapima kwa PSI, akatafuta 55 akajaza 55. Bari moja ni PSI 14.5, kwa hiyo 5.5 ni karibu PSI 80! Gari likaenda mpaka Watamu likiyumba kama ngalawa. Tukarudi, tukajaza 80, usiku valvu moja ikaanza kupumua. Zile valvu za kawaida za mpira mwisho wake ni PSI 65. Kwa presha kubwa zinatakiwa za chuma. Tulibadilisha nne, kelele ikaisha.

Kitu kingine, 80 ile ni ya matairi yake ya CP. Hili la C tulilofunga ubavu wake una kikomo chake mwenyewe, tulirudi kukisoma tukashusha. Nashauri kila mtu asome ubavu wa tairi alilo nalo, asinakili la jirani.

#19 MwanaSabaki
Katana, asante sana. Mimi sikuwahi kuuliza juu ya valvu. Nakumbuka pale Gongoni walipolifunga lile la pili walitumia valvu ileile ya zamani.

#20 FundiWaNgala
Simama hapo. Walilifunga la pili vipi? Rimu ya kushoto ilikuwa inavuja kwenye mdomo, pale tairi linapobana rimu? Waliweka tyubu?

#21 MwanaSabaki
Ndiyo, fundi. Upepo ulikuwa unapungua kila siku mbili. Wakasema rimu ina kutu kidogo, wakatia tyubu ndani, upepo ukakaa. La Msabaha lilikuwa na tyubu pia. Nilidhani ni jambo la kawaida.

#22 FundiWaNgala
Ni kawaida kwa maana ya kwamba linafanywa kila kona, na mimi nimelifanya sana nikiwa kijana. Kwenye gari la kubeba mchanga karibu linaweza kupita. Kwenye kempa inayokwenda kilomita 100 na zaidi bila kupumzika, hapana.

Tairi lisilo la tyubu ndani yake lina mbavumbavu, halikulainishwa. Tyubu inasuguana nayo, inapata joto, inachanika. Na ikichanika upepo wote unatoka kwa mkupuo. Tairi la tubeless lenyewe likichomwa na msumari mara nyingi hupungua polepole, unasikia gari linavuta upande, unasimama. Wewe ulisikia nini pale Msabaha?

#23 MwanaSabaki
Mshindo mmoja. Kama mlango umebamizwa.

#24 FundiWaNgala
Haya. Na kutu ya rimu ya kushoto inatoka wapi? Nenda ukatazame kama tangi lako linadondosha.

#25 MwanaSabaki
Linadondosha. Kwenye koki. Matone tu, lakini yanashuka sawasawa juu ya gurudumu. Nimekaa kwenye ndoo nimeyatazama nusu saa.

#26 BiSidi_Gede
Maji ya Malindi yenye chumvi hayo! Mabomba yangu yenyewe yamekwisha.

#27 DerevaWaGarsen
Mimi bado nina moja ambalo hakuna aliyeligusa. Breki. HiAce nyuma ina dramu, na waya wa breki ya mkono unapita chini kwenye mchanga na chumvi. Waya wa upande mmoja ukishikwa na kutu haurudi wote. Unateremsha mkono, taa inazima, lakini kiatu cha breki bado kinagusa dramu. Joto linapanda kwenye rimu, linaingia kwenye tairi, na mdomo wa tairi unaungua taratibu. Matatu tuliyokuwa nayo ilikula matairi matatu hivyo, yote upande mmoja, na mwenye gari alikuwa akitulaumu sisi kwa kujaza abiria.

Fanya hivi. Endesha kilomita 20 bila kutumia breki sana, simama, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuishika. Utajua tu.

#28 Kazungu75
Sasa tuna mzigo, miaka, ukingo wa lami, jua, tyubu, breki. MwanaSabaki, kabla hatujaongeza la saba, kalipime gari. Mnunuzi wa vyuma chakavu yeyote mwenye mizani ya kupandisha gari atakusaidia. Panda kwa magurudumu ya kushoto tu, moja moja, kisha ya kulia. Liwe limejaa kama siku ya safari.

#29 Mbarak_Amu
Nikiwa nasubiri majibu, nauliza kando: kuna aliyeendesha kempa mpaka Mokowe karibuni? Ndia ya Garsen na Witu siku hizi ni lami, nami nawakaribisha. Gari mtaliacha gatini, mtalala kwangu. Watoto watapanda punda badala ya Jahazi.

#30 BiSidi_Gede
Mbarak, mimi nakuja hata kwa basi.

#31 MwanaSabaki
Nimerudi baada ya siku nne. Nimepima. Tangi limejaa, gesi imejaa, mimi kwenye usukani, mama watoto na watoto wamekaa mahali pao. (Amekubali kukaa, kulala bado.)

Mbele kushoto kilo 640. Mbele kulia 655. Nyuma kulia 690. Nyuma kushoto 860.

Nilimwaga tangi lote nikapima tena: nyuma kushoto 785.

Kisha nikaenda mpaka Mambrui na kurudi, breki kidogo tu kama alivyosema #27. Rimu tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto sikuweza kuweka kiganja karibu zaidi ya kuhesabu tano.

#32 DerevaWaGarsen
Nilisema!

#33 FundiWaNgala
Dereva, subiri. Kona yenye kilo 170 zaidi ya mwenzake, tairi lenye miaka zaidi ya kumi na tyubu ndani, lazima liwe na joto zaidi hata breki ikiwa safi. Inua hilo gurudumu kwa jeki, uachie breki ya mkono, uzungushe kwa mkono. Ndipo tutajua.

#34 DerevaWaGarsen
Fundi, joto la tairi liko kwenye mpira. Joto la breki liko kwenye rimu. Yeye kasema rimu.

#35 TangaKunani
Wote wawili mnasema kweli kiasi. Ila tazameni zile namba. 860 ni chini ya 950, kwa hiyo 195R15C mpya inabeba, lakini ile 950 inapatikana tairi likiwa na presha yake kamili iliyoandikwa ubavuni, kwa nyingi ni PSI 65. Ukijaza 40 uwezo unashuka sana. MwanaSabaki ulikuwa unajaza ngapi?

#36 MwanaSabaki
35 zote nne. Kijana wa pancha alisema kwa joto la hapa nipunguze, upepo unapanda ukiwa njiani.

#37 Kazungu75
Thelathini na tano! Hiyo ni ya gari dogo. Na hilo la "kwa joto punguza" limewachomea watu wengi matairi. Tairi lenye upepo kidogo linajikunja kila likizunguka, na kule kujikunja ndiko kunakoleta joto. Presha kupanda njiani kumeshahesabiwa na waliolitengeneza. Pima asubuhi gari likiwa baridi, na likipata moto usitoe upepo.

#38 DerevaWaGarsen
Hapo tuko pamoja. Sisi na abiria 14 nyuma tunaweka 50. Nikiingia njia ya mchanga napunguza kidogo na mwendo napunguza sana, nikirudi lami najaza.

#39 FundiWaNgala
50 kwa kilo 860 naona ni kidogo. Punguza kwanza mzigo wa kona hiyo, kisha anza na 52 utazame linavyokaa. Usiende 65 kwa gari hili, nyuma litaruka na vyombo vya mama watoto vitavunjika.

Sasa kufunga. Rimu ile ya kushoto ipelekwe isuguliwe kutu mpaka chuma, ipigwe rangi, ikikuta imelika pale mdomo unapokaa, tafuta nyingine. HiAce hii ina nati sita, ukipewa rimu ya nati tano si yake. Valvu mpya kila gurudumu. Bila tyubu. Ukishajaza mwagia maji ya sabuni kwenye mdomo na valvu utazame povu. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa kukingamana, si kwa kuzunguka, kisha zikazwe tena gari likiwa limeshuka chini. Ukienda kilomita 50 simama uzikaze tena. Balansi zote, na alaimenti baadaye, siku hiyohiyo kama unaweza.

Tarehe usome kabla ya kulipa. Tairi jipya la dukani nalo linaweza kuwa limekaa miaka, tena nje juani kama tangazo.

#40 Katana_Casuarina
Na msimruhusu kijana atumie nyundo na vyuma vya kubandulia kwenye tairi la C jipya. Ubavu wake ni mgumu, anaweza kuupasua mdomo bila nyinyi kuona. Tafuta penye mashine.

#41 MwanaSabaki
Nimepata. Matano, 195R15C 106/104R, ya wiki ya 30 mwaka jana, yote ya tarehe moja. Niliyapata Mombasa, nikaondoka Malindi alfajiri nikarudi kabla ya adhuhuri. Rimu ya kushoto ilikuwa imelika, nimepata nyingine ya nati sita. Gurudumu lilipoinuliwa lilizunguka, ila zito, si kama la kulia. Nimebadilisha waya wa breki ya mkono. Tangi nimelihamishia katikati mbele ya ekseli, koki mpya, betri moja nimeipeleka kulia chini ya kabati. Nimeweka 52 nyuma, 40 mbele. Na gunia liko tayari kwa ajili ya jua, Mbarak.

Nilipima tena. Nyuma kushoto 775, nyuma kulia 755, tangi limejaa.

#42 Kazungu75
Hongera, lakini umebadilisha yote kwa siku moja! Sasa tutajuaje kilichokuwa kinapasua? Ungebadilisha breki kwanza ukaenda Mambrui na kiganja chako, halafu tangi, halafu matairi.

#43 MwanaSabaki
Kaka Kazungu, kujua ningependa. Lakini mtoto analala kona ile.

#44 BiSidi_Gede
Umejibu vizuri, mwanangu.

#45 DerevaWaGarsen
Ni breki. Uzito wa gurudumu kwenye jeki umeusema mwenyewe.

#46 FundiWaNgala
Ni tyubu na PSI 35. Breki ilichangia.

#47 Kazungu75
Ni 3613. Na lile la kulia likae likitazamwa, lingefuata.

#48 MwanaSabaki
La kulia lilitoka pamoja na mengine, nimelikata vipande, watoto wamefanyia bembea. Jumamosi tunakwenda Sala, tulale usiku mmoja. Mama watoto amesema atalala ndani kama tukifika Kakoneni salama.

#49 FundiWaNgala
Mkifika Kakoneni simama kivulini, kaza nati, pitisha kiganja kwenye rimu zote nne, uandike hapa kabla hujaendelea.